Jinsi ya kuomba kufanya mtihani wa vitendo wa kliniki

Maombi ya mtihani huu huanzia wodini. Fomu yenyewe hujazwa kwa muda mfupi tu. Kinachowakwamisha wengi ni daftari la mazoezi lenye nafasi tupu za sahihi. Ukishamaliza kufunga kidonda au kuweka mpira wa mkojo chini ya uangalizi, mpelekee msimamizi daftari akishanawa mikono, kabla zamu haijaisha. Ukikaa wiki mbili atakuwa amehamia wodi nyingine, au hakumbuki kama ulifanya mwenyewe au ulimshikia trei tu. Tafadhali usimwombe asaini kwa kukisia. Atakayeumia ni mgonjwa utakayemkuta baadaye ukiwa peke yako.

Sahihi zikitimia, zilinganishe na idadi inayodaiwa na chuo kwa kila stadi, kisha piga nakala za kurasa zote. Jaza fomu kwa jina lililo kwenye usajili wako, ambatisha nakala, wasilisha kabla ya tarehe ya mwisho na uondoke na uthibitisho wa kupokelewa.

Kuna sehemu ya mahitaji maalumu ambayo wengi huiruka. Kama una mzio wa glavu za mpira, unatumia kifaa cha kusikia au una ujauzito mkubwa, iandike hapo na uweke barua ya daktari. Mtihani huu hufanywa kwa vituo, yaani unahama kituo hadi kituo ukifanya kazi moja katika kila kimoja. Mfumo huo, uliobuniwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, na kuelezwa mwaka 1975, ulikusudiwa kila mwanafunzi apimwe kwa kazi zilezile na orodha ileile ya alama, asitegemee bahati ya mgonjwa au mtahini aliyempata. Kituo huchukua mara nyingi dakika 5 hadi 10. Kengele ikilia, unahama. Muda wa kukutafutia glavu nyingine haupo.

Mambo yakienda mrama siku hiyo, mwambie msimamizi wa kituo papo hapo, na kabla hujatoka jengoni andika namba ya kituo, saa na kilichotokea. Maandishi hayo ndiyo msingi wa ombi la mapitio ya matokeo yako. Ukiandika “nilistahili alama zaidi”, kwa kawaida utakataliwa, maana uamuzi wa mtahini haufunguliwi upya kwa hisia. Ukiandika “mashine ya presha ilizimika, nikabakiwa na dakika 2”, kuna jambo la kuchunguza.