Somo: Kuuliza hifadhidata kwa SQL na kulinda miamala, kwa mfano wa daftari la mwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Somo hili nimelipanga kwa wanaoshika madaftari ya vikundi vya mwani hapa Pemba, waliohama karatasi wakaingia kwenye kompyuta. Mama anashinda ndani ya maji kila bamvua, anafunga, anavuna, anaanika. Mwisho wa yote haki yake inakuwa mstari mmoja ndani ya jedwali. Mstari ule ukipotea, au akalipwa nusu, hana ushahidi mwingine. Kwa hiyo kwenye miamala, yaani vitendo vinavyofungwa pamoja vikawa kimoja, nitakaa sana, na kwingine nitapita haraka.

Hatua ya 1: Majedwali

Wazo la kuweka data katika majedwali yanayounganishwa kwa thamani zilizomo ndani yake lilitolewa na Edgar F. Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1970. SQL, lugha yenyewe ya kuuliza na kubadilisha data hizo, ilianzishwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, hukohuko IBM, mwaka 1974. Sisi tutatumia majedwali manne:

```
wakulima (id, jina, kijiji)
mizigo (id, mkulima_id, tarehe, aina, kilo, bei, tarehe_malipo)
malipo (id, mkulima_id, kiasi, tarehe)
mfuko (id, salio)
```

Kila mkulima ana namba yake, nayo ndiyo ufunguo mkuu, yaani kinachomtambulisha yeye peke yake. Msitegemee majina. Kijiji kimoja tu kinaweza kuwa na kina Asha watatu, wawili wao majina ya baba yanafanana.

Bei nayo ikae kwenye mzigo, siku ileile unapopimwa. Kuna aina mbili za mwani: cottonii ina bei yake na spinosum ina yake, na zote hupanda na kushuka. Mkiweka bei mahali pamoja tu, siku mtakapoibadilisha mtakuwa mmebadilisha hata deni la bamvua lililopita. Kilo na pesa zote ziwe za aina ya DECIMAL, inayohifadhi namba kamili kama ilivyoandikwa. FLOAT hukadiria, na makadirio hayafai kwenye haki ya mtu.

Hatua ya 2: Kuuliza

Mizigo ya mkulima namba 17 ambayo bado haijalipwa:

```
SELECT id, tarehe, aina, kilo, bei
FROM mizigo
WHERE mkulima_id = 17 AND tarehe_malipo IS NULL
ORDER BY tarehe;
```

Angalieni IS NULL. NULL si sifuri wala si nafasi tupu. Maana yake ni kwamba thamani haijulikani. Ukiandika tarehe_malipo = NULL hutapata mstari hata mmoja, na hifadhidata haitakwambia kuwa umekosea. Utadhani hakuna anayedai.

Sasa deni tunalodaiwa na kila kijiji, likizidi 500,000. JOIN inaunganisha majedwali mawili, SUM inajumlisha, na w na m ni vifupisho vya majina ya majedwali:

```
SELECT w.kijiji, SUM(m.kilo * m.bei) AS deni
FROM wakulima w
JOIN mizigo m ON m.mkulima_id = w.id
WHERE m.tarehe_malipo IS NULL
GROUP BY w.kijiji
HAVING SUM(m.kilo * m.bei) > 500000
ORDER BY deni DESC;
```

SELECT inaandikwa mwanzo lakini haifikiriwi mwanzo. Mpangilio wa maana ni FROM, kisha WHERE, GROUP BY, HAVING, halafu ndiyo SELECT, na ORDER BY mwisho. Ndiyo sababu jina "deni" linakubalika kwenye ORDER BY lakini ukiliweka kwenye WHERE linakataliwa: wakati ule bado halijazaliwa. WHERE inachuja mistari, HAVING inachuja makundi.

JOIN ya kawaida humwacha nje asiyeleta kitu. Mkitaka kumwona na yeye, pengine anaumwa na anahitaji kutembelewa, tumieni LEFT JOIN:

```
SELECT w.id, w.jina, COALESCE(SUM(m.kilo), 0) AS kilo
FROM wakulima w
LEFT JOIN mizigo m
  ON m.mkulima_id = w.id AND m.tarehe >= '2025-02-27'
GROUP BY w.id, w.jina;
```

COALESCE inaweka 0 mahali pa NULL. Sharti la tarehe liko kwenye ON kwa makusudi. Ukilihamishia kwenye WHERE, asiye na mzigo ana NULL kwenye tarehe, atachujwa, na LEFT JOIN yako itakuwa imefanya kazi bure.

Hatua ya 3: Miamala

Kumlipa mkulima ni vitendo vitatu: kupunguza mfuko, kuandika malipo, kutia alama mizigo iliyolipwa. Umeme wetu unakuja kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010, na ukikatika hausubiri umalize. Ukikatika baada ya kitendo cha kwanza, mfuko umepungua na mama hajaandikwa. Muamala unavifunga vitendo vyote viwe kimoja: ama vyote, ama hakuna.

Tuseme mizigo namba 301 na 305 kwa pamoja ina kilo 48, na kwa mfano bei ni shilingi 1,000:

```
BEGIN;
UPDATE mfuko SET salio = salio - 48000
  WHERE id = 1 AND salio >= 48000;
INSERT INTO malipo (mkulima_id, kiasi, tarehe)
  VALUES (17, 48000, '2025-03-20');
UPDATE mizigo SET tarehe_malipo = '2025-03-20'
  WHERE id IN (301, 305) AND tarehe_malipo IS NULL;
COMMIT;
```

BEGIN inafungua muamala, COMMIT inauthibitisha. Kila amri itakwambia imegusa mistari mingapi. Ya kwanza lazima iseme 1, ya mwisho iseme 2. Ikiwa sivyo, usiandike COMMIT. Andika ROLLBACK, na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa.

Kwa nini nimetaja 301 na 305 badala ya kusema "mizigo yote ya namba 17 isiyolipwa"? Kwa sababu baina ya kujumlisha na kulipa, karani mwengine anaweza kuingiza gunia jipya la mkulima yuleyule. Lile gunia litatiwa alama ya kulipwa, na hakuna aliyelilipa. Kosa hili halionyeshi dalili yoyote, na atakayeligundua ni mama mwenyewe, ambaye pengine hataaminiwa.

Jengine: kabla ya UPDATE au DELETE yoyote, andika kwanza SELECT yenye WHERE ileile uone mistari itakayoguswa. Nilipokuwa nikihudumia duka moja la jumla Chake Chake, nilibadilisha bei ya mchele nikasahau WHERE, tena bila BEGIN. Bidhaa zote zikawa na bei ya mchele. Siku mbili tulirudisha bei kutoka kwenye risiti za karatasi, na wateja waliolipishwa zaidi asubuhi ile hatukuwapata wote. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Wete:* Maalim, umeme ukikatika baada ya COMMIT lakini kabla data haijaandikwa kwenye jedwali lenyewe?

Hapotei mtu. Hifadhidata huandika kwanza kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, ndipo inakujibu kuwa COMMIT imekubaliwa. Ikiwaka tena, inaisoma kumbukumbu ile: iliyothibitishwa inakamilishwa, isiyothibitishwa inafutwa.

*Kutoka Micheweni:* Tuko makarani wawili. Sote tukiona salio 60,000 na kila mmoja akalipa 48,000?

Sharti la salio >= 48000 ndani ya UPDATE linakulinda. Wa pili atasubiri wa kwanza amalize, kisha sharti litapimwa upya kwa salio jipya la 12,000, na ataambiwa mistari 0. Hatari ni kusoma salio kwa SELECT, kupiga hesabu pembeni, kisha kuandika jibu. Ukilazimika kufanya hivyo, kwenye programu za hifadhidata za PostgreSQL na MySQL malizia SELECT hiyo kwa FOR UPDATE, ndani ya muamala, ili mstari ufungwe mpaka umalize.

*Kutoka Mkoani:* Kaka, mimi natumia MySQL. Niliandika ROLLBACK na data haikurudi.

Mdogo wangu, kagua mambo matatu. Je, ulianza na BEGIN? Bila hiyo, kila amri hujithibitisha yenyewe. Je, jedwali limehifadhiwa kwa aina ya MyISAM? Aina hiyo haijui miamala, lihamishie aina ya InnoDB, inayoijua. Na je, katikati uliandika ALTER TABLE (kubadilisha umbo la jedwali) au CREATE TABLE (kuunda jedwali)? Kwenye MySQL amri hizo huthibitisha muamala uliokuwa wazi bila kukuuliza.

*Kutoka Chake Chake:* Maalim, kina mama wanataka kusomewa hesabu na kutia dole gumba kabla ya kulipwa. Naweza kufungua BEGIN, nikawasomea, kisha COMMIT wakikubali?

Wana haki ya kusomewa, lakini BEGIN isisubiri dole gumba. Mstari wa mfuko umefungwa muda wote huo, na mwenzako wa meza ya pili atakwama mpaka umalize. Chapisha kwanza orodha kwa SELECT, namba za mizigo zikiwemo. Msomee mama, atie dole gumba. Halafu fungua BEGIN kwa namba zilezile zilizo kwenye karatasi, hakiki idadi ya mistari, COMMIT, ndipo umhesabie pesa zake.