Umebadilisha diski ya laptopu ya zamani na haifanyi kazi? Anzia BIOS

Nina steshenari Ngamiani, Tanga. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, natayarisha mitihani ya walimu. Yote hayo yanapita kwenye laptopu moja, Dell Latitude E6410, niliyoinunua mtumba mwaka 2016. Mwaka jana, katikati ya msimu wa mitihani ya mock, diski yake ikaanza kulia tik, tik, tik, na asubuhi iliyofuata mashine ikagoma kuwaka. Nikaagiza diski nyingine iliyotumika, GB 500, kutoka Kariakoo. Ikaja kwa basi, nikaipokea stendi ya Kange jioni. Nilijua kazi iliyobaki ni kufungua skrubu na kufunga. Ikanila siku tatu, huku walimu wanapiga simu: "Dada, mtihani wetu umefikia wapi?"

Siku zile tatu zingekuwa saa mbili kama ningejiuliza mapema swali moja: BIOS (programu ndogo ya mashine inayoamka kabla ya Windows) inaiona diski, au haiioni?

Swali hilo ndilo njia panda. Kama BIOS haiioni, ugonjwa uko kwenye vyuma: diski haijakaa, mdomo wake wa kuunganishia umechafuka, au imekufa. Kama inaiona, weka bisibisi chini, kwa sababu mara nyingi tatizo liko kwenye mipangilio au kwenye yaliyomo ndani ya diski. Nimeona mtu anapiga (anasakinisha) Windows mara nne kwenye mashine ambayo diski haijakaa sawa, na mwingine anafungua mashine nzima wakati dawa ilikuwa amri tatu za kuandika.

Kuangalia ni rahisi. Washa mashine na gonga F2 mfululizo kabla Windows haijaanza. Hiyo ni kwa Dell; HP nyingi ni F10, na ThinkPad ni F1. Kwenye ukurasa wa taarifa za mashine tafuta mstari wa diski. Ukiona ukubwa au namba ya modeli, inaonekana. Ukiona None au nafasi tupu, haionekani.

Tuanze na isiyoonekana. Zima, chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 umeme uliobaki uishe. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Gusa chuma kwanza ili mwili wako usibaki na umeme tuli, ndipo uitoe diski.

Sasa tazama mdomo wake. Diski ya SATA, aina ya kiunganishi kipya zaidi, ina ndimi mbili bapa: fupi yenye njia 7 za data na ndefu yenye njia 15 za umeme. Laptopu za takriban 2004 kurudi nyuma hutumia IDE, aina ya kizamani yenye pini 44 zilizochomoza kama sindano, na hizo mbili haziingiliani kabisa. Hapa kwetu pwani hewa ya chumvi hufubaza madini, kwa hiyo futa njia hizo kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, acha zikauke, rudisha. Usikwangue kwa kisu.

Halafu pima unene. Diski nyingi za zamani za inchi 2.5 zina milimita 9.5, ilhali SSD nyingi (diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani) zina 7. Kwenye nafasi ya 9.5, ile ya 7 hucheza. Ukinyanyua mashine inaachia kidogo, na kioo kinaganda katikati ya kazi. SSD nyingine huja na fremu nyembamba ya plastiki ya kuziba pengo hilo. Kama yako haina, kata plastiki ngumu ibandike juu ya diski. Na kama mashine yako ina kifuniko au fremu ya kushikia diski, ihamishe kutoka kwenye diski ya zamani pamoja na skrubu zake zote. Hapo ndipo nilipokosea siku ya kwanza: nilifunga skrubu moja badala ya mbili, diski ikakaa upande, BIOS ikaandika None usiku kucha.

Bado haionekani? Itoe, iweke kwenye kasha la USB, ichomeke kwenye kompyuta nyingine. Weka sikio karibu. Diski nzima inayozunguka hutoa mvumo mwembamba ulio sawa. Ikigonga tik-tik na kusimama, irudishe ulikoinunua. SSD haina sauti, kwa hiyo ukimya wake si dalili ya kifo.

Hapa kuna mtego unaofanya diski nzima zirudishwe dukani: diski mpya kabisa haionekani kwenye My Computer, kwa sababu haijagawanywa. Fungua Disk Management, programu ya Windows ya kupanga diski. Ikiwa ipo pale, hata kama ni mstari mweusi ulioandikwa Unallocated, ni nzima ya kutosha kuendelea nayo. Ikiwa hapo ipo na kwenye laptopu haipo, mshuku mdomo wa laptopu yenyewe, na hapo kweli mpelekee fundi wa mazabodi.

Yangu, baada ya skrubu ya pili, ikaonekana. Nikawasha kwa furaha, kioo kikaniambia "No bootable devices". Moyo ukashuka bure, kwani diski isiyo na mfumo wowote lazima iseme hivyo. Chomeka flashi yenye Windows au Linux, bonyeza F12, chagua flashi, endelea.

Siku ya pili yote iliishia kwenye kizuizi kinachofuata. Programu ya kupiga Windows iliiona diski, lakini ikakataa kuitumia, ikisema ina mgawanyo wa GPT, yaani mtindo mpya wa kupanga sehemu za diski; ule wa zamani unaitwa MBR. Mara nyingi maana yake ni kwamba diski ilitoka kwenye kompyuta mpya kuliko yangu. Mashine nyingi za kabla ya 2011 zina BIOS ya kizamani, na Windows kwenye BIOS hiyo huwaka kutoka diski ya MBR tu. (MBR nayo haifiki mbali: mwisho wake ni TB 2, kwa hiyo usinunue TB 4 ukitarajia Windows iitumie yote.) Dawa ni hii. Palepale kwenye ukurasa wa kupiga Windows bonyeza Shift na F10, dirisha jeusi litafunguka. Andika diskpart, kisha list disk. Simama hapo. Soma ukubwa wa kila diski, hakikisha ipi ni ipi, kwa sababu flashi yako nayo imo kwenye orodha. Kama yako ni namba 0, andika select disk 0, halafu clean, halafu convert mbr. Amri ya clean inafuta kila kitu na haiulizi mara mbili.

Ukiwa umenakili Windows nzima kutoka diski ya zamani, utakutana na jambo jingine: kioo cha bluu chenye 0x0000007B. Rudi BIOS, mahali palipoandikwa SATA Operation. ATA na AHCI ni namna mbili za mashine kuongea na diski, na Windows iliyozoea ATA ikikutana na AHCI, au kinyume chake, haioni diski yake. Rudisha mpangilio uliokuwepo. Kama ni Windows mpya kabisa, chagua AHCI kabla ya kuipiga.

Siku ya tatu mashine iliwaka lakini ikawa inaganda kila dakika kumi. Nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Diski niliyouziwa kuwa "haijatumika sana" ilikuwa imewaka saa 31,000, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kuzimwa. Kwenye orodha ile tazama mistari ya 05, C5 na C6. Namba zake zikipanda wiki hadi wiki, sehemu za diski zinaoza, na hakuna programu ya kuziponya. Mstari wa C7 ni tofauti: huo ukipanda, mara nyingi diski haina kosa, ni mdomo au waya. Namba za kulia huandikwa kwa mfumo wa heksadesimali, kwa hiyo usishtuke ukiona herufi ndani yake. Yangu ilikuwa C7. Nikasafisha kwa spiriti mara ya pili, upande wa laptopu safari hii, na kuganda kukaisha. Ile namba haishuki, kwa hiyo niliiandika kwenye daftari, nikaitazama tena baada ya wiki. Ilikuwa ileile.

Kama yako inawaka leo na kesho inaleta tena kioo cha bluu, tazama saa ya kompyuta. Ikiwa imerudi nyuma miaka, kibetri cha mazabodi kimeisha na mipangilio ya BIOS inapotea kila unapochomoa umeme. Kwenye laptopu nyingi ni CR2032 chenye waya mdogo. Kibadilishe, panga upya SATA Operation, kisha zima, chomoa chaja na betri kubwa kwa nusu saa, uwashe uone kama imekumbuka.