Kuongoza mdahalo wa wafungwa waliobadili jinsia: anza na chaki sakafuni

Nilikuwa askari wa magereza kwa miaka 19, mingi nikiwa mapokezi ya gereza la wanawake. Tangu nistaafu huwa naitwa kuongoza midahalo, na mada inayoombwa kuliko zote ni hii: mwanamke aliyebadili jinsia, yaani aliyezaliwa na mwili wa kiume na sasa anajitambua kama mwanamke, akihukumiwa, apelekwe gereza lipi?

Mara ya kwanza niliuharibu mdahalo. Niliandika swali hilo hilo ubaoni, na kabla sijaweka chaki chini watu wawili walishasimama, mmoja akimtaja Mungu, mwenzake haki za binadamu. Kijana aliyekaa dirishani akauliza, "Kwani mwanamke ni nini?" Basi. Saa nzima na nusu ikaishia hapo, na neno gereza halikusikika tena.

Anzia sakafuni. Kabla watu hawajafika, pima kwa futi kamba mstatili wa mita 2 kwa 3, uchore kwa chaki. Hizo ni mita za mraba 6, kiwango cha chini ambacho kamati ya Baraza la Ulaya ya kuzuia mateso inakitaka kwa seli ya mtu mmoja, choo kikiwa nje ya hesabu. Panga viti viwe kitanda. Halafu omba watu watatu wakae humo wakati unafungua mazungumzo. Watatu kwenye nafasi ya mmoja si kichekesho, magereza mengi yanaishi hivyo. Baada ya dakika kumi utaona mmoja anakunja miguu, mwingine anageuza uso asipumuliane na jirani. Hapo ndipo uulize: "Ni saa mbili usiku, gari limeshusha mfungwa. Faili lake ninalo mkononi. Analala wapi leo, na nani atampekua?"

Swali la upekuzi usiliache lipite haraka. Wengi hudhani ni kupapasa mifuko. Waeleze. Mfungwa anaingia chumba kidogo, pazia linashushwa, anavua nguo za juu, unazikagua mshono kwa mshono, anavaa. Kisha za chini. Anainua nywele, anafungua mdomo, anaonyesha nyayo. Wewe unamtazama na yeye anakutazama. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zile za Nelson Mandela za 2015, zinasema mpekuzi wa namna hii awe wa jinsi moja na mfungwa. Zinasema pia wanaume na wanawake wafungwe mahali tofauti. Na hizo hizo zinataka kumbukumbu za mfungwa ziheshimu jinsia anayojitambua nayo. Wape watu watatu, kila mmoja kanuni yake, wazisome kwa sauti moja baada ya nyingine, kisha nyamaza kidogo.

Maneno yamalize mapema. Kiswahili kimetuokoa na ugomvi wa Waingereza wa viwakilishi. "Yeye" wetu hana dume wala jike. Shida yetu ni nyingine. Wasomi hutenga jinsi, yaani mwili wa kuzaliwa, na jinsia, yaani mtu anavyojitambua na jamii inavyomchukulia. Mtaani yote ni jinsia. Andika maneno hayo mawili ubaoni, na kila msemaji akitamka "jinsia" mnyooshee kidole achague moja. Ni kero, watakuchukia, lakini nusu ya ugomvi hufia hapo. Waambie pia kwamba kubadili jinsia si lazima kuwe kwa upasuaji. Wapo ambao kisu cha daktari hakijawahi kuwagusa, na sera za nchi nyingi hugawanyika hapo hapo.

Sasa toa kadi zenye visa vya kweli. Mimi hutumia mbili kubwa. Ya kwanza ni Karen White, mwanamke aliyebadili jinsia aliyepelekwa gereza la wanawake la New Hall, Uingereza, mwaka 2017, akiwa na rekodi ya makosa ya ngono. Akawadhalilisha wafungwa wawili wanawake. Mwaka 2018 akahukumiwa kifungo cha maisha, na wakuu wa magereza wakaomba radhi kwamba historia yake haikuzingatiwa. Ya pili ni Dee Farmer, mwanamke aliyebadili jinsia aliyewekwa gereza la wanaume la Terre Haute, Marekani, mwaka 1989. Alishtaki kwamba alipigwa na kubakwa humo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1994 majaji wakasema ofisa anayejua hatari kubwa inamkabili mfungwa kisha akaipuuza anavunja katiba.

Siri ya kadi ni kuzipindua. Anayetaka wapelekwe kwa wanawake asome ya White, na anayekataa asome ya Farmer. Nimeona mama mmoja mkali, aliyeingia akiwa na msimamo wa chuma, akisita katikati ya kadi ya Farmer na kurudia mstari mmoja mara mbili. Hakubadili msimamo. Alibadili sauti.

Takwimu zitaletwa, na zitaletwa kwa kelele. Kila ikitajwa asilimia, uliza, "Ya wangapi?" Utafiti wa California wa 2007 uliona asilimia 59 ya wafungwa waliobadili jinsia katika magereza ya wanaume wamewahi kudhalilishwa kingono gerezani, dhidi ya asilimia 4.4 ya wafungwa waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Inatisha, na ni kweli inatisha, ila waliobadili jinsia waliohojiwa walikuwa 39. Upande wa pili utakuja na Uingereza: kati ya matukio 97 ya udhalilishaji wa kingono yaliyorekodiwa katika magereza ya wanawake kati ya 2016 na 2019, 7 yalifanywa na wafungwa waliobadili jinsia wasio na cheti cha kisheria cha jinsia. Kwa kuwa wafungwa hao ni wachache humo, matukio 7 ni mengi. Lakini mahakama iliyoletewa takwimu hizo mwaka 2021 ilizikuta ndogo na zenye maelezo haba mno kujengea hitimisho la jumla. Jaji wa kesi hiyo, pamoja na kuipitisha sera ya serikali ya kuwapanga wafungwa waliobadili jinsia, alikiri kwamba hofu ya wafungwa wanawake inaeleweka, maana wengi wao wameshawahi kuumizwa.

Hofu hiyo niliiishi. Kulikuwa na mfungwa wangu aliyelala miaka yote mgongo ukigusa ukuta. Siku fundi bomba alipoongea kwenye korido, sauti tu, jasho lilimtoka. Huyu hatakuwepo ukumbini kwako, kwa hiyo mweke: kiti kitupu ndani ya mstatili.

Weka na cha pili. Tuliwahi kupokea mmoja ambaye hakuna aliyejua pa kumweka, tukamfungia peke yake, "kwa usalama wako," saa 23 kwa siku. Kanuni za Mandela zinakataza kumtenga mtu hivyo kupita siku 15 mfululizo. Sisi tulipitiliza. Alianza kuniuliza kama nimesikia mlango ukigongwa, na hakuna aliyegonga. Mtu akisema ukumbini "si watengwe tu," muulize kwa siku ngapi, na aingie ndani ya mstatili wa chaki.

Majibu ambayo nchi zimejaribu yapitishe upesi. Uingereza ilifungua bawa la pekee ndani ya gereza la wanawake la Downview mwaka 2019, kisha mwaka 2023 ikazuia wenye maumbile ya kiume au makosa ya ngono na ukatili kuingia magereza ya wanawake kwa kawaida, isipokuwa kwa kibali cha waziri. Marekani, viwango vya 2012 vya kuzuia ubakaji magerezani vilitaka kila mfungwa aliyebadili jinsia aamuliwe kivyake. Januari 2025 amri ya rais ikaelekeza kinyume, na majaji wakaanza kuizuia kwa baadhi ya wafungwa. Mimi mwenyewe nina upande: mwenye rekodi ya kuwashambulia wanawake asikanyage bweni lao, na asiye nayo achunguzwe faili kwa faili. Nausema mwishoni, kwa sentensi moja, nikiulizwa.

Usipige kura. Gawa karatasi, kila mtu aandike uamuzi kuhusu mfungwa wa saa mbili usiku: analala wapi, nani anampekua, uamuzi utapitiwa lini tena. Chini atie sahihi kama mkuu wa gereza. Tegemea wengine kurudisha karatasi bila sahihi. Nina bahasha nzima ya hizo nyumbani.

Chaki ifute kwa dekio lenye maji. Kavu linaitawanya tu, na mwenye ukumbi hatakuita tena.