Kuandika Habari Isomeke kama Hadithi, Bila Kutia Chumvi

Mtu akiniambia anataka kujifunza uandishi wa habari wa kifasihi, yaani habari za kweli zinazosimuliwa kama hadithi, simpi orodha ya vitabu kwanza. Namtuma mpakani hapa Busia, upande wetu wa Uganda, achague mtu mmoja mwenye kazi inayoonekana kwa macho na amwombe ruhusa ya kushinda naye. Awe mama anayeuza mahindi, kijana anayebadilisha fedha, au mmoja wa wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Waziri hafai kwa kuanzia. Waziri ana maneno mengi, na kazi yake huioni.

Ukishakubaliwa, nyamaza. Hili huwashinda waliozoea redio, ambako kimya ni hatari. Andika mikono yake inafanya nini. Andika anapimia nini, anamwitaje mteja asiyemjua, sauti yake inabadilikaje askari akipita. Bei iandike kwa tarakimu, na useme ni shilingi ya Uganda au ya Kenya, kwa maana hapa zote mbili hukaa mfuko mmoja. Harufu ya dagaa iache. Kila anayeandika kuhusu Busia huitaja, na msomaji hajifunzi kitu.

Mazungumzo ndiyo yanayowatesa waandishi wetu kuliko chochote. Sentensi moja hapa inaweza kuanzia kwa Kisamia, ikapitia Kiganda, ikamalizikia kwa Kiswahili. Mimi kwenye daftari huweka herufi pembeni mwa kila kauli kuonyesha ilisemwa kwa lugha gani. Wakati wa kuandika, kauli iliyosemwa kwa Kiswahili naiweka ndani ya alama za kunukuu kama ilivyotoka kinywani, hata kama ngeli zimepishana. Iliyosemwa kwa lugha nyingine naieleza kwa maneno yangu bila alama hizo, au nainukuu baada ya mzungumzaji mwingine wa lugha hiyo kuikagua tafsiri yangu. Usimvalishe mama wa sokoni Kiswahili cha Unguja ambacho hajawahi kukitamka. Akisomewa makala na wanawe hatajitambua, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Kisha uliza maswali madogo. Mwaka 1955 Gabriel García Márquez, akiwa mwandishi wa gazeti la El Espectador kule Bogotá, alimhoji Luis Alejandro Velasco, baharia aliyeelea siku 10 kwenye chelezo baada ya kuanguka kutoka manowari ya Kolombia. Nchi nzima ilikuwa imeambiwa chanzo cha ajali ni dhoruba. Alipoombwa aieleze dhoruba hiyo, baharia alijibu kwamba haikuwapo. Upepo uliinamisha meli, na shehena ya majokofu, televisheni na mashine za kufulia, iliyofungwa vibaya juu ya sitaha, ikaporomoka baharini pamoja na watu. Manowari haikuruhusiwa kubeba mizigo hiyo, yalikuwa magendo. Simulizi ile ilichapishwa kwa sehemu 14. Mimi huisoma tena na tena kwa sababu kilichofichua siri ya jeshi ni ombi la kueleza hali ya hewa. Basi usimuulize mfanyabiashara wako kama rushwa ipo mpakani. Mwombe akusimulie mzigo wake wa jana, hatua kwa hatua, tangu ghalani hadi ng'ambo.

Kuhusu ukweli sina upole. Ryszard Kapuściński, mwandishi wa habari wa Poland, aliandika juu ya samaki wakubwa wa Ziwa Victoria kana kwamba walinenepa kwa miili ya watu waliouawa na utawala wa Idi Amin. Picha hiyo humkaba msomaji koo. Lakini sangara, ambaye wavuvi wetu humwita mputa, aliletwa ziwani miaka ya 1950, naye hukua kwa kula samaki wadogo. Wasifu wa Kapuściński ulioandikwa na Artur Domosławski mwaka 2010 ulihoji waziwazi ukweli wa maandishi yake. Wale waliouawa walikuwa na majina, wazazi na watoto. Hawakuhitaji kuongezewa samaki. Ukibuni kitu kimoja, anayetaka kukana mauaji yenyewe umempa pa kuanzia.

Kwa hiyo tafuta karatasi pia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa raia wa Uganda haki ya kuomba kumbukumbu za serikali, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Wengi hawaombi kabisa.

Kusoma nako kuna namna yake. Chukua makala ndefu ya gazeti la mwisho wa juma, au tafuta matoleo ya zamani ya Transition, jarida lililoanzishwa Kampala na Rajat Neogi mwaka 1961, au simulizi za kweli za wanawake zilizokusanywa na FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda. Shika kalamu, na kando ya kila jambo andika mwandishi alilijuaje: aliliona, aliambiwa, au alilisoma. Pale usipoweza kujibu, ama mwandishi ni fundi sana ama anakudanganya. Ukizoea, utaanza kuonja ufundi wenyewe: mahali alipokatiza tukio, alichokiacha nje.

Mpangilio haunichukui muda. Anza na tukio ambalo jambo fulani linabadilika, weka maelezo ya historia pale msomaji anapoanza kuyahitaji, na neno "mimi" lipunguze.

Kabla ya kuchapisha, rudi kwa mtu wako umsomee sehemu zinazomhusu, kwa lugha anayoielewa vizuri. Jina la mtoto, bei, tarehe: akisahihisha, hakiki na ubadilishe. Hukumu yako kuhusu mambo uliyoyaona ibaki yako. Na kama mzigo wake hupita njia za panya, mweleze wazi kwamba askari nao husoma magazeti, kisha mkubaliane juu ya jina lake na njia ile kabla hujamkabidhi mhariri hata ukurasa mmoja.