Kuinyoosha tovuti ya WordPress uliyorithi ili na mwingine aweze kuitunza

Hivi karibuni nilimsaidia mwalimu aliyekabidhiwa tovuti ya shule yake baada ya fundi wa awali kuondoka na maelezo yote kichwani. Tulifuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Chukua nakala rudufu ya mafaili na ya hifadhidata, kisha uipakue kwenye kompyuta yako. Nakala inayokaa kwenye seva ileile ya tovuti mimi siihesabu.

Hatua ya 2. Weka mafaili ya themu, yaani yanayoamua mwonekano wa tovuti, kwenye Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la mafaili. Tulikuta style.css, style2.css, style-mpya.css na style-mpya-mwisho.css, na iliyokuwa ikitumika ni ile ya pili.

Hatua ya 3. Mabadiliko yaliyofanywa ndani ya themu yahamishie kwenye themu-mtoto, yaani themu ndogo ya kando inayoitegemea themu mama, kwa sababu themu mama ikisasishwa mafaili yake huandikwa upya na kila ulichokigusa humo hupotea.

Hatua ya 4. Badilisha anwani za http ziwe https ndani ya hifadhidata. Hapa niliwahi kukesha. Nilipakua hifadhidata kama faili la SQL, nikabadilisha anwani zote kwa kihariri cha maandishi, nikalirudisha. Makala zilionekana vizuri, lakini wijeti na mipangilio ya themu vilikuwa vimetoweka bila ujumbe wowote wa kosa. Sababu ni kwamba WordPress huhifadhi sehemu ya mipangilio pamoja na idadi ya herufi zake, kwa mfano `s:19:"http://duka.example"`, ukiongeza ile herufi moja ya https, herufi zinakuwa 20 ilhali hesabu ingali 19, na PHP, lugha inayoendesha WordPress, hushindwa kuusoma mpangilio wote. Tumia WP-CLI, zana ya kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi, ambayo huhesabu upya:

`wp search-replace 'http://duka.example' 'https://duka.example' --skip-columns=guid --dry-run`

Kwa `--dry-run` utaonyeshwa idadi ya mabadiliko bila chochote kuguswa. Ukiridhika, ondoa `--dry-run` na uendeshe amri tena. Safuwima ya guid, yenye kitambulisho cha kila makala, iache ilivyo, kwa kuwa visoma-milisho (programu zinazowaletea wasomaji makala mpya) huitumia kutambua makala, na ukiibadilisha, makala za zamani zinaweza kuibuka kana kwamba ni mpya. Wapo wanaoweka plagini (programu ya nyongeza ya WordPress) ya kurekebisha anwani kila ukurasa unapofunguliwa. Mimi siikubali njia hiyo, kwani anwani mbovu hubaki palepale zikisubiri siku plagini itakapozimwa.

Hatua ya 5. Futa plagini zisizotumika. Kuzizima hakutoshi, maana mafaili yake hubaki kwenye seva pamoja na udhaifu wake.

Hatua ya 6. Andika faili moja fupi linalosema domeni imesajiliwa wapi, inalipiwa lini, na kwa barua pepe ipi. Barua pepe hiyo iwe ya taasisi. Domeni ya shule ile ilisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi, na mpaka naandika haya mwalimu bado anampigia simu.