Barua Isiyo na Muhuri Haikufika

Nilikaa masijala miaka 19, upande ule wa dirisha ambao mwananchi hauoni. Barua zilizoletwa kwa ukali nilizizoea upesi. Iliyonitia baridi ni ile yenye muhuri, tarehe, na mwenyewe anayehesabu siku.

Mwaka juzi mama mmoja wa kijijini kwetu, huku Kwale, alinijia na bahasha ya kaki mkononi. Kisima kilichimbwa, mnara wa tangi ukasimama, lakini maji hayakutoka hata ndoo moja. Alikuwa ameenda ofisini kuuliza mkandarasi kalipwa ngapi. Miezi minne anaambiwa njoo kesho, mkubwa yuko semina.

"Mamangu, barua uliiacha kwa nani?"

"Kwa askari wa getini."

"Na nakala yako?"

Hana. Basi kwa ofisi ile, huyu mama hajawahi kuuliza kitu. Tukaanza upya.

Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaweka siku. Barua andika kwa Kiswahili au Kiingereza, zote halali. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo. Afisa ana wajibu wa kumwandikia na kumpa nakala. Hulazimiki kueleza unazitakia nini. Wakikwambia hukutumia fomu yao, hiyo pekee si sababu ya kukukatalia. Hujui afisa wa habari ni nani? Mwandikie mkuu wa ofisi, kisheria ndiye.

Hapa kwenye ombi lenyewe ndipo wengi huharibu. Yule mama alitaka tuandike "nataka kujua pesa za kisima zilienda wapi". Nikamkatalia. Swali la namna hiyo hujibiwa kwa hotuba. Omba karatasi, na uitaje kwa jina lake. Tuliandika hivi:

"Naomba nakala za: (1) mkataba wa uchimbaji wa kisima cha kijiji chetu, (2) vocha zote za malipo kwa mkandarasi, (3) cheti cha kukamilika kwa kazi."

Mistari mitatu, jina lake, simu, sahihi. Karani akisoma hapo anajua kabisa ni faili gani na rafu gani.

Toa nakala mbili. Moja waache nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa, na uitazame tarehe kabla hujaondoka dirishani, maana muhuri usiobadilishwa tarehe tangu jana nimeuona mara nyingi (na mara moja moja ulikuwa wangu). Wakikataa kugonga, usigombane. Nenda Posta uitume kwa rejesta, risiti uiweke vizuri.

Sasa hesabu. Ofisi ina siku 21 tangu ipokee ombi. Likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, kama habari ni nyingi au lazima washauriane na wengine. Kama habari iko ofisi nyingine, walihamishe ombi ndani ya siku 5. Kuomba ni bure. Utalipia gharama halisi ya kutoa nakala, basi. Zipo habari zinazozuiliwa, kama za usalama wa taifa au siri za maisha ya mtu, lakini vocha ya kisima haimo humo.

Siku ya 21 ikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Watu huvunjika moyo hapo, kumbe ndipo mlango unapofunguka: kukataliwa kunakupa haki ya kwenda Tume ya Haki ya Utawala, tunayoiita Ombudsman, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Una siku 30. Usizichezee.

Malalamiko yawe ukurasa mmoja: niliomba nini, lini, siku ya 21 ilikuwa lini, nataka Tume iamuru nini. Ambatisha nakala yenye muhuri. Yule mama alitaka kuingiza wizi, diwani na uchaguzi. Nikamwambia yale yana siku yake. Leo tunashtaki kuchelewa kwa karatasi tatu.

Mwenye ofisi akidharau amri ya Tume, amri hiyo hupelekwa Mahakama Kuu ikatekelezwa kama ya mahakama. Na afisa anayekaidi wajibu wake anaweza kutozwa faini hadi shilingi 50,000, kufungwa hadi miezi mitatu, au vyote viwili. Kwetu haikufika huko. Tume iliandika, na simu ikalia kwa mama yule yule aliyekuwa akiambiwa njoo kesho.

Akapewa mkataba. Akapewa vocha. Cheti cha kukamilika, wakamwambia, hakipo.

"Waambie waandike hivyo," nilimjibu kwenye simu, "kwa karatasi yao, kwa muhuri wao."

Wakaandika. Jioni akaja barazani kwangu, akaziweka karatasi tatu kando kwa kando: mkataba unaosema malipo ya mwisho ni baada ya cheti, vocha ya malipo ya mwisho, na barua ya kwamba cheti hakipo. Akazitazama kitambo, kisha akaniomba karatasi nyingine nyeupe.