SOMO: Printa moja ya USB kwa Windows, Mac na Linux

Wakuu, swali ni lile lile: printa imechomekwa kwenye Windows, Mac haiioni, Ubuntu (aina ya Linux) inaiona ila haichapi. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nampa linki.

Usishee kupitia Windows. Septemba 2021 sasisho la usalama, baada ya sakata la PrintNightmare (tundu la usalama kwenye huduma ya kuchapa ya Windows), lilileta kosa 0x0000011b, printa ya kushea ikawa haiunganiki, kwenye ofisi chungu nzima. Watu wakaelekezana kuingia kwenye rejista ya Windows na kuweka RpcAuthnLevelPrivacyEnabled iwe 0. Inachapa, ndiyo, ila umelifungua tundu lililokuwa limezibwa. Tafuta kompyuta chakavu, weka Ubuntu, printa ikae hapo. CUPS, programu ya kuchapa ya Linux, inatumia IPP, yaani lugha ya kuchapa kupitia mtandao, na mifumo yote mitatu inaielewa. Hatua 1 hadi 4 fanya kwenye kompyuta hiyo; amri za sudo ziandike kwenye terminal.

1. sudo apt install cups
2. sudo usermod -aG lpadmin jina_lako (kundi la wanaoruhusiwa kusimamia printa), kisha toka uingie upya.
3. sudo cupsctl --share-printers. Kama ufw (ukuta wa moto wa Ubuntu) inafanya kazi: sudo ufw allow 631/tcp
4. Kwenye kivinjari fungua localhost:631, ongeza printa, weka tiki ya kushea. Jina lisiwe na nafasi: Ofisi inatosha.
5. Anwani ya IP. Hapa ndipo wengi mnapoumia, na hata mimi nilishaumia. Leo kila kitu kinachapa. Umeme unakatika usiku, ruta inawaka na kugawa anwani upya, asubuhi Windows zote zinatafuta printa mahali isipokuwepo. Ingia kwenye ruta, ihifadhie kompyuta ile anwani yake, mfano 192.168.1.50, kwa kutumia namba yake ya MAC (namba ya kadi ya mtandao, haihusiani na kompyuta za Mac). ANGALIA: waya na Wi-Fi zina namba mbili tofauti, chukua ya ile unayotumia kweli. USIJIBUNIE anwani ndani ya fungu ambalo ruta inagawa, siku moja simu ya mtu itapewa hiyo hiyo.
6. Windows: ongeza printa kwa mkono, andika http://192.168.1.50:631/printers/Ofisi, chagua draiva.
7. Mac: kwenye mipangilio ya printa bonyeza alama ya kujumlisha, itajitokeza yenyewe.

MASWALI

— Mkuu nimefuata zote haichapi.
Haichapi vipi? Imeandika nini kwenye skrini? Anwani ya hatua ya 5 umehifadhi?
— Hiyo niliiruka.
Basi hujafuata zote.

— Mac inaona, laptopu ya mgeni haioni kabisa.
Yuko Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi huitenga na mtandao wa ndani makusudi. Mhamishe, au mchapie wewe.

— Siwezi kutumia Windows tu?
Soma juu.

— Samahani fundi, printa yenye waya wa mtandao si inapokea moja kwa moja kwenye poti 9100? CUPS ya nini?
Swali zuri. Inapokea, na kwa printa moja na watu wachache inatosha. Ila 9100 ni kumwaga data tu; kuhusu foleni hupati taarifa ya maana. IPP inarudisha majibu: karatasi imeisha, kazi ya nani iko mbele, ipi imefutwa. Pia ukibadilisha printa unagusa kompyuta moja tu, mradi jina libaki lile lile na draiva ikubaliane.

— Naweza kujua nani anamaliza karatasi?
Ndiyo. Weka mstari wa PageLogFormat kwenye /etc/cups/cupsd.conf, washa CUPS upya, kisha soma /var/log/cups/page_log. Bila mstari huo faili halirekodi kitu. Waambie wenzako kabla, wasije wakakununia.